Mrejesho: stadi za tairi zilizokwisha meno

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kuhusu tairi la mbele kushoto la gari yangu, Toyota IST: stadi (bolti zinazoshikilia tairi) mbili kati ya nne zimekwisha meno, nati zinazunguka tu bila kukaza. Fundi mmoja hapa Mwanga, Kigoma, alitaka kuzichomelea. Nilikataa, na nawashukuru sana mlionionya. Tairi lingetuchomokea njia ya Kasulu na watoto ndani.

Nikapata fundi mwingine, eneo la Gungu. Alitoa kalipa (kifaa kinachobana breki) na diski ya breki, akagonga stadi mbovu kwa nyundo zikatokea nyuma ya habu, yaani kitovu kinachofungwa tairi. Mpya, za milimita 12, alizivuta kwa nati iliyogeuzwa na washa tatu, taratibu, mpaka kichwa kikagota. Nati tumebadilisha zote nne. Baada ya kilomita 80 nimezikaza tena: moja ilikubali robo mzunguko.