Mtoto ameombwa kuingia katika utafiti wa chanjo wa chuo kikuu: tuelewe vipi karatasi za ridhaa?

MamaSalha (Pwani, Tanzania)

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba maelezo kutoka kwa anayefahamu mambo ya utafiti wa tiba. Nina mtoto wa miezi minane, na tulipompeleka kliniki kupimwa uzito tulikutana na watumishi wa utafiti unaosimamiwa na chuo kikuu cha nje kwa kushirikiana na taasisi ya hapa nchini. Wanajaribu chanjo mpya kwa watoto wadogo. Sitataja jina la chanjo wala la chuo, kwa kuwa sina lawama kwa mtu. Walitupokea vizuri, wakatupa karatasi za maelezo kwa Kiswahili, kurasa saba, wakatuambia tukazisome nyumbani pamoja na baba yake kisha turudi Alhamisi.

Tumezisoma, na yako mambo matatu ambayo bado yanatutatiza. La kwanza, karatasi inasema mtoto atapangiwa kundi kwa bahati nasibu, na kwamba mimi pamoja na muuguzi atakayempima hatutajua kama amepata chanjo inayojaribiwa au chanjo nyingine kabisa. Kwa nini daktari aliyesoma miaka yote hiyo asiamue mwenyewe kinachomfaa mtoto? La pili, watachukua damu mara kadhaa, na mama mkwe wangu aliposikia hivyo alikumbuka habari za mumiani, na tangu siku hiyo hataki kusikia lolote. La tatu, tukikataa, je, hatutaangaliwa kwa jicho baya tutakaporudi pale pale kliniki kwa chanjo za kawaida?

NesiMstaafu (Tanga)

Mama Salha, nimefanya kazi wodi ya watoto kwa miaka mingi, na naomba nianze na bahati nasibu, kwa sababu ndiyo inayowatisha wazazi wengi. Daktari akiachiwa achague mwenyewe nani apewe tiba mpya, atachagua kwa huruma au kwa hofu: pengine atawapa wale walio mahututi zaidi kwa kuwa anawaonea uchungu, au atawapa walio imara kwa kuwa anaogopa madhara. Mwisho wa utafiti makundi mawili hayatalingana tangu mwanzo, na hakuna atakayeweza kusema kama tofauti imeletwa na tiba au na hali ya watoto waliochaguliwa. Bahati nasibu inaondoa mkono wa mtu katika uchaguzi huo. Tena inaruhusiwa kwa sharti moja zito, kwamba wataalamu kwa kweli hawajui ni kundi lipi litakalofaidika. Kama wangekuwa wanajua, kumpigia mtoto kura lingekuwa kosa.

Huenda ukauliza, inawezekanaje wataalamu wasijue? Upande wetu huu tunao mfano ambao waliofanya kazi wodini hawausahau. Kwa miaka mingi vitabu vya tiba vilielekeza kwamba mtoto aliyeletwa na homa kali, mikono na miguu ikiwa ya baridi, anapumua kwa shida au amepungukiwa na fahamu, atiwe maji mengi mshipani kwa haraka. Ndivyo ilivyofanyika katika hospitali za nchi tajiri, na wengi wetu tuliamini kwamba watoto wetu wanakufa kwa sababu tu hatuna vifaa vya kufanya hivyo. Utafiti uliopewa jina la FEAST, uliosimamiwa na Imperial College London na kuongozwa na Profesa Kathryn Maitland anayefanya kazi zake Kilifi, ulikwenda kulihakiki jambo hilo katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Teule ya Muheza hapa Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Kadi za kupanga makundi zilikuwa zimefungwa na kupewa namba, na kila mtoto alipofika ilifunguliwa inayofuata kwa zamu, bila mtu kuweza kuchungulia wala kuruka. Wote walipata dawa za malaria, viuavijasumu, oksijeni na maji ya kawaida ya kuwahifadhi. Tofauti ilikuwa moja tu, kwamba makundi mawili yaliongezewa maji ya haraka, moja maji ya chumvi na jingine albumini (maji yenye protini ya damu), mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito, na kundi la tatu halikuongezewa.

Matokeo yalitolewa mwaka 2011. Katika watoto 3,141 waliolinganishwa, ndani ya saa 48 walifariki asilimia 7.3 ya wale ambao hawakuongezewa maji ya haraka, na zaidi kidogo ya asilimia 10 katika kila moja ya makundi mawili yaliyoongezewa. Yaani katika kila watoto 100, tiba ambayo sote tuliiona kuwa ya huruma iliwaondoa watatu zaidi. Mkusudio ulikuwa kufikisha watoto 3,600, lakini kamati huru inayotazama takwimu wakati utafiti ukiendelea iliusimamisha Januari 2011, mara ilipoona dalili hizo. (Namwomba mtu asiichukue habari hii akakataa dripu kwa mtoto anayeharisha na kutapika hadi akakaukiwa maji. Watoto wa namna hiyo hawakuingizwa katika utafiti ule, na kwao maji yanaokoa maisha.)

Kwa hiyo kundi la ulinganisho si kundi la waliotupwa. Katika FEAST, waliokosa kile kilichodhaniwa kuwa bora ndio waliosalimika zaidi. Sisemi kwamba kwenu itakuwa hivyo. Inaweza kuwa kinyume chake kabisa, na ndiyo sababu ya kufanya utafiti.

Kuhusu kukataa: una haki ya kukataa leo, na una haki ya kuingia kisha ukatoka mwezi wa tatu bila kutoa sababu, na huduma za kawaida za mtoto haziguswi. Hilo lazima liwe limeandikwa katika hizo kurasa saba. Likikosekana, usitie sahihi. Vilevile asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, ndipo aweke dole gumba. Ninyi mmepewa siku kadhaa za kufikiri, jambo ambalo ni zuri. Katika FEAST watoto walikuja wakiwa hatarini, hivyo wazazi wengi waliombwa kwanza idhini ya mdomo na kupewa maelezo kamili pamoja na karatasi ya kutia sahihi baada ya hali ya mtoto kutulia, na hata hilo lilihitaji kibali mahususi cha kamati za maadili.

MkaziWaKilifi (Kenya)

Dada, nakuandikia kuhusu damu, kwa maana sisi tumeishi na jambo hili tangu mwaka 1989, KEMRI, yaani taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ilipoanza kazi hapa kwa ushirikiano na Wellcome Trust, mfadhili wa utafiti wa Uingereza, na Chuo Kikuu cha Oxford. Maneno ya mumiani tumeyasikia sana, na yale ya kuabudu shetani pia. Nisingependa umcheke mama mkwe wako. Watu walipoona magari yakizunguka vijijini na sindano zikitoka, pasipo mtu kuwaeleza damu inakwenda wapi, walitafuta maelezo katika hadithi walizokuwa nazo. Watafiti wenyewe walilazimika kujifunza: wakaanzisha wawakilishi wa jamii wanaochaguliwa na wenyeji, wakaanza kueleza kazi yao barazani kabla ya kuanza, na mambo yakapungua makali ingawa hayakwisha.

Wewe uliza kwa vipimo. Watachukua mililita ngapi kila mara? Mililita tano ni kijiko kimoja cha chai, na mkimwonyesha mama mkwe kijiko chenyewe pamoja na kichupa kinachotumika, mazungumzo yatabadilika. Uliza damu inapimwa nini, inapimwa wapi, na itakayobaki inafanyiwa nini. Kuihifadhi kwa utafiti wa baadaye au kuisafirisha nje huwa ni ombi la pekee, na mara nyingi lina mahali pake pa kutia alama ya ndiyo au hapana. Unaweza kukubali chanjo na ukakataa kuhifadhiwa kwa sampuli, ikiwa utafiti wenyewe umeacha nafasi hiyo. Na mwombe mama mkwe aende nawe Alhamisi, aulize mwenyewe.

Mdadisi77

Nimewasoma kwa makini, na sibishani na takwimu za FEAST, lakini naona mazungumzo yanaelekea upande mmoja. Mzazi anayeahidiwa nauli, matibabu ya bure kwa mtoto wake na simu ya daktari usiku na mchana, wakati zahanati ya kijiji chake haina hata dawa ya homa, hana uhuru mkubwa wa kukataa kama karatasi inavyodai. Kisha utafiti ukiisha, mradi unafunga ofisi, magari yanaondoka, na chanjo iliyojaribiwa kwa watoto wetu inauzwa kwa bei tusiyoiweza. Mama Salha, uliza nani atainunua chanjo hiyo ikionekana inafaa.

MamaSalha

Nawashukuru sana. Nesi, sasa nimeelewa kwa nini kura inapigwa, ingawa takwimu zile zilinishtua. Ndugu Mdadisi, umesema kile ambacho mume wangu alikisema usiku wa jana karibu kwa maneno hayo hayo. Je, upo mfano wa chanjo iliyojaribiwa huku na kweli ikawarudia watoto wa huku? Na hilo la kutojua amepata chanjo ipi linaendeshwaje hasa?

Mfamasia_Dom (Dodoma)

Mfano upo, na baadhi ya washiriki wake walikuwa watoto wa mkoa wako. Chanjo ya malaria ya R21/Matrix-M ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ikazalishwa na Serum Institute ya India, na awamu yake ya tatu ikafanyika katika vituo vitano: Bagamoyo, Kilifi, Bougouni nchini Mali, na Nanoro na Dandé nchini Burkina Faso. Watoto 4,878 wa umri wa miezi 5 hadi 36 walipata dozi ya kwanza. Kwa kila watoto wawili waliopata R21, mmoja alipata chanjo ya kichaa cha mbwa, ili naye asichomwe sindano isiyo na faida yoyote. Wazazi na wale waliofuatilia afya ya watoto hawakujua nani kapata ipi. Waliotayarisha na kuchoma sindano walijua, lakini hawakushiriki kupima matokeo. Siri hiyo ina kazi yake: mzazi anayejua kwamba mtoto amepata chanjo mpya huenda akachelewa kumleta akipata homa, na muuguzi anayejua huenda akaisoma homa hiyo hiyo kwa namna nyingine. Ikitokea dharura, daktari anaweza kuomba siri ya mtoto husika ifunguliwe. Uliza utaratibu wa hilo kwenu ukoje.

Baada ya miezi 12, chanjo ilikuwa imepunguza malaria kwa asilimia 75 katika maeneo yenye msimu mfupi wa ugonjwa, ambako dozi zilitolewa kabla ya msimu huo, na asilimia 68 katika maeneo ya ugonjwa wa mwaka mzima kama Bagamoyo na Kilifi. Madhara hayakufichwa: karibu nusu ya watoto waliopata R21 na kufuatiliwa kwa karibu walipata homa, asilimia 46.7, na karibu mtoto mmoja kati ya watano aliumwa mahali alipochomwa. Karatasi inayosema chanjo haina madhara yoyote ingenitia wasiwasi kuliko inayotaja homa kwa asilimia.

Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, kwa bei iliyotajwa kuwa kati ya dola 2 na 4 kwa dozi, na nchi za Afrika ndizo zilizoanza kuitumia. Hata hivyo nakubaliana na Mdadisi kwa sehemu kubwa. Ahadi ya matibabu ya bure ni kishawishi, na kamati za maadili zinapaswa kuipima kwa jicho kali. Lakini kumnyima mshiriki matibabu ili asishawishike ni ukatili, kwa hiyo jambo hili halina jibu rahisi, na mzazi afanye uamuzi akilijua hivyo.

Kwa upande wa vibali, utafiti wa chanjo Tanzania Bara hauanzi bila kibali cha maadili cha kitaifa kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Namba za vibali na simu ya kamati ya maadili ziwe ndani ya karatasi zako, na simu hiyo isiwe ya watafiti wenyewe, kwa kuwa ndiyo utakayoipiga ukiwa na malalamiko juu yao. Uliza pia bima ya washiriki inagharimia nini mtoto akidhurika na chanjo, na itaendelea hadi lini baada ya ziara ya mwisho. Mwenye intaneti anaweza kuutafuta utafiti wenyewe katika daftari la majaribio la Afrika, PACTR, linaloendeshwa kutoka Afrika Kusini, au katika lile la Marekani. Humo utaona lengo kuu lililoandikwa kabla ya kuanza, ili baadaye mtu asije akalibadilisha kufuatana na matokeo.

La mwisho ni jambo ambalo watafiti wengi hulifanya kwa ulegevu, nalo ni kurudisha matokeo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake namba 536 ya mwaka 2014, unawataka wanaofanya majaribio ya dawa huko watoe muhtasari kwa lugha ambayo mtu asiye mtaalamu anaielewa, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja baada ya jaribio kumalizika. Huku kwetu mzazi aliyekwenda kliniki mwezi baada ya mwezi bado anaweza kuyasikia matokeo redioni kabla hajaambiwa na waliomchoma mtoto wake. Waombe wakuandikie ni lini na kwa njia gani mtaelezwa, ikiwa ni pamoja na Salha alikuwa kundi lipi.

MamaSalha

Asanteni. Tumeandika maswali pembeni mwa karatasi: mililita za damu, sampuli zitakazobaki, dharura, bima, bei, na siku ya kuelezwa matokeo. Mama mkwe amekubali kuja, ila amesema kijiko atakuja nacho cha kwake.

NesiMstaafu (Tanga)

Aje nacho. Na wakishindwa kumjibu yeye kwa Kiswahili anachokielewa, msitie sahihi Alhamisi hiyo. Ombeni siku nyingine.