Mfumuko wa bei eti 2.7%, mbona kibandani kwangu sioni kitu?

ChapoNaNdengu
Wadau naomba kueleweshwa. Nimesikia redioni KNBS, shirika la takwimu la Kenya, wamesema mfumuko wa bei wa Oktoba 2024 umeshuka hadi asilimia 2.7. Mi nina kibanda cha chapo (chapati) hapa Umoja, Nairobi, unga wa ngano, mafuta, makaa, zote ziko palepale, na wateja waliokuwa wanakula chapo tatu siku hizi ni moja na chai. Sasa imeshuka wapi jamani? Ama kuna duka mnanunua sisi hatulijui?

mhasibu_wa_mtaa
Ndugu yangu hapo ndio wengi tunachanganyikiwa. Kilichoshuka sio bei, ni ile kasi ya bei kupanda. Matatu ilikuwa inapanda mlima wa Limuru mbio, sasa inapanda mdogo mdogo, lakini haijageuza. Chukua kitu cha shilingi 100 Oktoba 2021. Mwaka uliofuata mfumuko ulikuwa 9.6, kikawa karibu 110. 2023 ukawa 6.9, kikafika 117. Oktoba 2024 kikawa kama 120. Ile 100 usiingoje. Halafu hiyo 2.7 ni wastani wa vitu vingi, chakula ni kama theluthi tu ya hesabu yao na wewe pesa yako karibu yote inaishia kwa chakula, nauli na kodi ya nyumba. Kuna vitu vimeshuka kweli lakini, petroli Nairobi ilikuwa shilingi 217 lita moja Novemba 2023, Novemba 2024 ikawa 180, na dola ilifika shilingi 160 Januari 2024, kufikia Novemba ikawa 129.

BiMkatwaji
Petroli imeshuka, na nauli yangu ya Rongai je? Makanga ukimuuliza anakuangalia kama umemtukana mamake. Mafuta yakipanda wanajua usiku huohuo, yakishuka wote viziwi. Na sisi wa kuajiriwa tunakatwa ya nyumba (ushuru wa nyumba za serikali) asilimia 1.5, Oktoba 2024 ikaja SHIF, ile ya bima ya afya, asilimia 2.75, mshahara ni uleule wa 2021. Hata bei zisimame kabisa mi bado narudi nyuma.

Mkulima_Kitale
Nyinyi mnaomba bei zishuke, sisi huku tunaomba zisishuke sana 😅 Mbolea ya serikali ya 2,500 imesaidia, hiyo siwezi kataa, 2022 gunia dukani lilipita 6,000. Lakini mvua ikinyesha vizuri kila mtu anavuna mahindi wakati mmoja, broka anakuja na bei yake na wewe unawaza karo ya Januari, utafanya nini, unauza tu. Huo unga wa bei nafuu huko ni mimi nimeulipia huku.

mhasibu_wa_mtaa
Mkulima umenena. @ChapoNaNdengu kama unawaza mkopo, CBK, yaani Benki Kuu ya Kenya, ilishusha riba yake mara mbili kati ya Agosti na Oktoba 2024, asilimia 13 hadi 12, ila mabenki wakaendelea kukopesha kwa kama 17. Ningekuwa wewe ningengoja kidogo.

ChapoNaNdengu
Asante mkubwa, ile ya Limuru imeingia. Mkopo nilio nao ni wa simu, huo hata haujui CBK ni nani. Unga nimeanza kununua bale nzima na jirani tunagawana, angalau naokoa kitu. Chapo nimeiacha 20, nikisema 25 wote wanahamia kwa yule wa ng'ambo ya steji, na zake ni kama biskuti!