Aerobat, Super Decathlon au Pitts: anayeanza sarakasi za angani achague ipi?

Mbayuwayu
Habari wakuu. Nina leseni ya rubani binafsi hapa Marekani, nimezoea Cessna 172 tu. Nataka kitanzi (duara la wima), kubiringika na spini (kuanguka huku ndege ikijizungusha) kwa kujifurahisha. Kuna Cessna 152 Aerobat, Super Decathlon na Pitts S-2B za kukodi pamoja na mwalimu. Nianze na ipi?

Kipanga
Super Decathlon. Ina nguvu farasi 180, inastahimili g (mara ya uzito wa kawaida) +6 na −5, na injini hupata mafuta na oili hata ndege ikiwa chali. Aerobat ina nguvu farasi 110, g +6 na −3, na mafuta hushuka kwa uzito wake tu kutoka kwenye mabawa. Ikikaa chali, injini inakata. Kubiringika polepole hutajifunza humo.

Bi Mwanaanga
Aerobat msiidharau. Gurudumu lake la tatu liko mbele, kama 172, kwa hiyo hakuna kibali kipya. Decathlon na Pitts zina gurudumu la mkia: na mwalimu unaanza hata leo, ila kuwa rubani mkuu lazima mwalimu akusainie kwenye kitabu cha safari. Pitts ina nguvu farasi 260, na ikizidi 200 ni sahihi nyingine tena.
Cha kuchunga kwenye Aerobat ni propela, haijirekebishi. Ukiinamisha pua kutafuta kasi, mizunguko ya injini inapita mstari mwekundu usiporudisha throtoli (mkono wa nguvu ya injini).

Mwewe77
Pitts inabiringika upesi mno, kosa lako linapita kabla hujaliona. Halafu wakati wa kutua pua inaziba njia yote mbele. Utalipia saa nyingi za kutua tu.
Decathlon inakuumbua, na hapo ndipo unapojifunza. Kubiringika: maili 120 kwa saa, inua pua nyuzi 20 hadi 30, LEGEZA fimbo irudi katikati, kisha ilaze pembeni hadi mwisho. Wengi husahau kulegeza. Wakifika chali bado wanavuta, pua inaelekea ardhini na kasi inapanda. Hapo usivute zaidi: rudisha throtoli, endelea kubiringika mpaka usimame sawa, ndipo uinue pua.
Kitanzi: maili 140, vuta g 3.5 hadi 4, juu kabisa legeza kidogo. Ukivuta kivivu mwanzoni, kasi inakuishia juu. Ukivuta kwa pupa, mabawa yanatetemeka na kuacha kubeba.

Kipanga
Na jifunze kutoka kwenye spini kabla ya vyote. Throtoli nyuma kabisa, fimbo katikati kushoto-kulia, pedali (ya mguu, ya usukani wa mkia) ya upande ulio kinyume na mzunguko mpaka mwisho, kisha fimbo mbele. Mzunguko ukikoma, pedali katikati, inuka taratibu. Ukiacha nguvu ya injini, pua inainuka na spini inalala bapa. Kutoka humo ni kazi.

Mbayuwayu
Ahsanteni, nimeelekea Decathlon. Sheria je? Na tumbo?

Bi Mwanaanga
Si chini ya futi 1,500 kutoka ardhini, mwonekano maili 3, si juu ya mji wala umati. Ukibeba abiria ukapitisha mlalo wa nyuzi 60 au pua nyuzi 30, kila mmoja avae parashuti. Za nailoni ziwe zimekunjwa na fundi mwenye leseni ndani ya siku 180.
Tumbo: kula chakula chepesi, kunywa maji, dakika 30 zinatosha mwanzoni. Ukiona jasho jembamba na mate yanajaa, mwambie mwalimu muda huohuo na mruke sawa bila sarakasi, macho kwenye upeo. Ukisubiri sarakasi moja zaidi, somo la siku hiyo limekwisha.