Mwalimu anataka nijifunzie otomatiki, mimi nataka kirikuu ya klachi. Nishaurini

MamaKaroti

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mkulima huku Lukozi, Lushoto. Nalima karoti, kabichi na viazi kidogo. Mzigo wangu unashuka Mombo kwa kirikuu ya kukodi, yaani kile kigari kidogo cha mizigo, na kubembeleza madereva kumenichosha. Karoti zikikomaa simu hazipokelewi, na akipokea anakwambia bei ya juzi siyo ya leo. Nimeamua nanunua yangu na naendesha mwenyewe.

Masomo nimeanzia Tanga mjini, nimefikia kwa dada yangu. Chuo kina Vitz mbili za otomatiki na gari moja kuukuu la klachi ambalo kila ukiliulizia liko kwa fundi. Mwalimu ananiambia, "Mama, klachi za nini zama hizi? Pita na hii upate leseni, mengine utayajua barabarani." Akaongeza kwamba wanawake klachi inawaumiza goti. Nikamuuliza, na jembe je? Akacheka tu.

Roho yangu iko kwenye gari la gia. Siti ya abiria ya kirikuu nimeikalia miaka, mlio wake naujua. Pale juu ya Soni, njiani kushuka Mombo, dereva akirudisha gia ya pili, injini inanguruma na gari linashikika lenyewe kabla hajagusa breki. Kwenye Vitz naona kama ni mimi ninayeendeshwa. Je, huu ni ushamba au nina hoja? Na mnielekeze namna ya kuondoka mlimani bila kurudi nyuma, maana hicho ndicho kinachoninyima usingizi.

Kimara_Mwisho

Dada, usijitese. Mimi kila asubuhi nakula foleni ya Morogoro Road, Kimara hadi Ubungo, na IST yangu ya oto. Mguu wa kushoto umelala, nasikiliza redio. Ningekuwa na klachi ningefika kazini nachechemea. Gari ndogo tunazoagiza Japani karibu zote ni oto, hata siku ukitaka kuuza, mteja hutamkosa. Na kirikuu za oto zipo, ni kutafuta.

Mzee wa Fuso

Kimara, foleni yako ni tambarare. Huyu mama anashuka Usambara na mzigo.

Mwanangu, hoja unayo. Lushoto iko kwenye mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Mombo haifiki 500, na katikati ni kilomita 33 za kona. Ukishuka kwa breki tupu, diski na pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanachemka, na pedeli inazama mpaka chini bila kushika kitu. Kwa kawaida harufu ya kuungua inatangulia kukuonya. Ukiisikia, paki pembeni zipoe zenyewe, usizimwagie maji.

Dawa ya mteremko ni gia. Sisi tulifundishwa kwamba gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na unaiingiza kule juu, kabla gari halijachanganya. Wale wanaotupa fri, yaani wanashuka bila gia yoyote, "kuokoa mafuta" usiwaige. Injini ya EFI, yaani inayopimiwa petroli na kompyuta, ikishuka kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli yenyewe, kwa hiyo hapo hakuna unachookoa zaidi ya kujitafutia ajali.

Nisiionee oto. Nayo ina L na 2, ambazo ni gia za chini, na hiyo IST ina kitufe cha O/D ubavuni mwa gia, cha kuizuia isiingie gia ya juu kabisa. Sema wengi hawajui vinafanya nini, wanashuka na D mpaka chini huku taa za breki hazizimi. Gari la gia linakulazimisha kujua.

Sasa kuondoka mlimani. Handbreki juu, klachi chini, ingiza moja. Ongeza mafuta kidogo, achia klachi taratibu. Kirikuu injini imekaa chini ya siti, kwa hiyo utaisikia kwa masikio na kwa makalio. Mlio unashuka, siti inaanza kutetema. Hapo klachi imeanza kushika. Mguu uutulize palepale, shusha handbreki, gari litasogea mbele, ndipo umalizie kuachia. Usilishikilie kwa nusu klachi kilimani ukingoja lori lipite, utaunguza klachi pleti. Kungoja ni kazi ya handbreki.

Halafu leseni. Daraja D ni la gari binafsi. Kama utabeba na mizigo ya majirani kwa malipo, omba E.

Mkaazi_Nakuru

Huku kwetu Kenya wametenganisha kabisa. B1 ni gari ndogo ya otomatiki peke yake. Ukifanya mtihani na hiyo kisha ushikwe na pikapu ya gia, una kesi. Mama, jifunze ya gia. Anayejua gia, oto ataizoea haraka. Kinyume chake ni shida.

Mzee wa Fuso

Bongo madaraja hayatenganishi. Ndiyo maana unakuta mtu ana leseni halali mfukoni na Hiace hawezi hata kuiondoa.

MamaKaroti

Ahsanteni sana. Leo nimemwambia mwalimu gari la klachi litoke kwa fundi au anirudishie ada iliyobaki. Kasema Jumatatu litakuwepo, tutaona. Na yule dereva anayenibebea amekubali kunisimamia nikirudi Lukozi, malipo mafuta na kiroba cha karoti.

Mzee wa Fuso

Fungeni kibao cha L mbele na nyuma, leseni ya kujifunzia uwe nayo mkononi. Na siku ya gulio msithubutu.

MamaKaroti

Sawa baba. Ila Kimara nina swali. Wiki iliyopita betri ya kirikuu ile ilikufa. Vijana wawili wakasukuma, dereva akaweka gia ya pili, akaachia klachi, ikawaka tukaondoka na kabichi zetu. IST yako betri ikifa unafanyaje?

Kimara_Mwisho

Nampigia fundi aje na nyaya, halafu nakaa ndani nasikiliza redio ya simu. Hahaha, dada umenipata.