Bomba la mafuta la pikapu ya zamani halitengenezwi tena, nifanyeje?

Chesisi_Ndefu
Wakuu, habari zenu. Nina pikapu ya mwaka 1993, ya petroli, injini ya nozeli na si kabureta. Bomba la chuma linalotoka kwenye tanki kwenda kwenye filta limeliwa na kutu pale linapopita kwenye chesisi, chini kabisa ya klipu inayolishikilia. Halijaanza kudondosha, linatoa jasho tu. Ukipitisha kidole kinatoka kinanuka petroli.

Namba ya spea ninayo. Kila ninakouliza naambiwa kiwanda kimeacha kulitengeneza na hakuna namba mpya iliyochukua nafasi yake. Kichekesho ni kwamba lile la kurudisha mafuta bado linauzwa.

Fundi mmoja anataka tukate kipande kilichooza tuvalishe mpira na klipu mbili, kazi iishe. Mwingine anasema nitafute bomba kwenye gari lililokufa. Nyie mngefanya lipi? Natanguliza shukrani.

Spana_Kumi
Mkuu, kwanza liegeshe. Kwenye kabureta presha haifiki hata psi 10 (pauni kwa inchi ya mraba), ila mfumo wa nozeli kama wako mara nyingi unacheza kati ya psi 40 na 60. Tundu dogo kama ncha ya sindano kwa presha hiyo halidondoshi, linapuliza ukungu, na ekzosi iko jirani tu.

Bomba la gari lililokufa sikushauri. Lina umri uleule na limepita kwenye matope yaleyale. Halafu kulitoa zima bila kulikunja ni kazi kuliko kutengeneza jipya.

Kutu_Hailali
Watu wanahangaika na namba ya spea wakati bomba lenyewe ni bomba tu. Unachohitaji ni kipenyo, urefu, njia linamopita, na miisho yake. Hiyo miisho ndiyo yenye shida, hayo mengine yote yanapatikana.

Pima kipenyo cha nje kwa kalipa mahali pasipo na kutu. Mengi ni inchi 5/16 (karibu milimita 8) au 3/8 (karibu 9.5). Usikadirie kwa macho, maana milimita 8 na 5/16 zinakaribiana mpaka zinadanganya. Kisha angalia linafungwaje kila upande: kwa nati, kwa kuvalishwa mpira, au kwa kiunganishi cha plastiki cha kubofya. Kama ni nati na bado ni nzima, kata bomba nyuma yake, ichomoe, uivalishe kwenye bomba jipya. Usitupe chochote mpaka gari liwake.

Nunua koili la shaba-nikeli, wauzaji wengine huliita Cunifer. Asilimia 90 hivi ni shaba na 10 nikeli. Halishiki kutu kama chuma, na ndilo linalotumika kwenye mabomba ya breki, kwa hiyo psi 60 kwake ni mchezo. Linakunjika kwa mkono, ila kwenye kona kali tumia kikunjio lisije likabonyea.

Upepo_wa_Nyuma
Mimi niliweka bomba la shaba la friji na gari linatembea hadi leo. Msimtishe mwenzenu kwa gharama.

Kutu_Hailali
@Upepo_wa_Nyuma kutembea linatembea. Shaba tupu ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu, halafu inapasuka kwenye mdomo au kwenye klipu, tena bila taarifa. Friji imetulia ukutani, chesisi haitulii.

Mama_Giaboksi
Mpira nao mnausema vibaya bure. Hata gari likitoka kiwandani lina kipande cha mpira kati ya chesisi na injini, kwa sababu injini inacheza na chesisi haichezi. Kosa ni kuufanya mpira kuwa ndiyo bomba, kuupitisha chini ya gari nzima ambako mawe yanaugonga.

Na soma maandishi ubavuni mwa mpira, yanataja kiwango chake. SAE J30R7 ni ya kabureta na laini za presha ndogo. Kwako inatakiwa J30R9. Ule wa kuzama ndani ya tanki ni J30R10, mwingine ukizama humo unaoza kwa nje. Mpira mweupe unaoonyesha ndani usiulete kabisa kwenye petroli. Klipu nazo: zile ambazo bendi yake imekatwa matundu ya skrubu zinachimba mpira, tafuta za bendi laini zinazokaza kwa bolti. Na bomba linaloingia kwenye mpira liwe na kituta mdomoni, kwa sababu bomba lililonyooka tupu litachomoka siku moja.

Dizeli_Damu
Nje ya mada kidogo, kwa wenye dizeli za zamani wanaopita hapa. Laini yenu ya kutoka kwenye tanki mara nyingi inanyonywa, kwa hiyo ikitoboka haimwagi, inavuta hewa. Gari linagoma kuwaka asubuhi na mtu anaenda kubadilisha pampu bure. Ila yale mabomba manene ya kutoka pampu kwenda nozeli msiyaguse kwa haya yanayosemwa hapa, presha yake ni ya dunia nyingine.

Chesisi_Ndefu
Nimewaelewa, naenda na shaba-nikeli. Upande wa tanki ni nati, upande wa filta pia nati. Swali: ile ya tanki iko juu, mkono haufiki. Lazima nishushe tanki?

Spana_Kumi
Usishushe. Fungua bolti za bodi ya nyuma, waya za taa na shingo ya kujazia mafuta, mwite jamaa mwinue upande mmoja mweke magogo imara. Unafanya kazi umesimama kama mtu mwenye akili zake.

Kabla ya hapo chomoa fyuzi au relei ya pampu, washa injini ijizimie yenyewe, ndipo utoe waya hasi wa betri. Fanyia kazi nje, si kwenye shimo la gereji: mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama chini. Mtungi wa kuzimia moto wa poda uwe karibu, na taa ya balbu ya moto isiwepo.

Kata bomba kwa kikatio cha gurudumu. Msumeno unaacha unga wa chuma, na ukibaki ndani unaanza safari ya kwenda kwenye nozeli. Safisha mdomo, puliza hewa, ndipo upanue mdomo kwa mkunjo wa mara mbili (ukingo unapanuliwa kisha unakunjwa kurudi ndani). Na nati iingie kabla ya kupanua, sio baada!

Chesisi_Ndefu
Nati ya upande wa filta imeshikana na kutu. Niipashe moto kidogo?

Mama_Giaboksi
Moto? Baba, hilo ni bomba la petroli! Pulizia mafuta ya kulainisha kutu, iache ilale usiku, kesho tumia ile spana ya mabomba inayokumbatia nati pande karibu zote. Filta ishike kwa spana ya pili isizunguke. Ikigoma hata hivyo, kata bomba nyuma ya nati, uivalishe soketi ndefu, na ununue filta mpya.

Ukishafunga, washa swichi bila kupiga stata mara kadhaa pampu ijaze laini, pitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo. Rudia injini ikiwa inaunguruma, na tena ikishapata joto.