Mliotumikia misheni nchi za Kihispania, tupeane uzoefu: siku yenyewe ilikuwaje?

MwanaKivu

Habari zenu wapendwa. Tawi letu la Kiswahili la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho (Wamormoni) hapa Salt Lake City, Utah, limepata vijana wengine walioitwa misheni, yaani kwenda kuhubiri kule wanakopangiwa, na karibu wote wanapelekwa Amerika ya Kusini. Wazazi wananishika mlangoni kila Jumapili: mtoto atakula nini, atalala wapi, akiugua atauguzwa na nani? Wengi ni wenzangu tuliotoka Kongo tukapitia Kigoma. Wamewahi kupotezana na watoto wao njiani, na leo wanaambiwa wamtoe mmoja kwa hiari, aende miaka miwili. Hofu yao inastahili majibu kamili. Kanisani tunasikia shuhuda za ubatizo, lakini siku yenyewe, tangu kuamka hadi kulala, haisimuliwi. Tuisimulie hapa.

Nianze. Mimi nilikuwa Lima, Peru. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mko macho. Mazoezi kidogo, kifungua kinywa, kusoma maandiko peke yako, halafu kusoma na mwenza wako, yaani mmisionari mwenzako unayepangiwa kuishi na kufanya kazi naye. Saa nne mko barabarani. Saa tatu usiku mnarudi, saa nne na nusu taa inazimwa. Jumatatu ni siku ya maandalizi: kufua, sokoni, kunyoa, kuandikia nyumbani, na jioni mnarudi kazini. Kila wiki sita kuna uhamisho, na mpaka usiku wa kuamkia siku hiyo unaweza usijue kama unabaki au unafunga mizigo.

Eneo langu la kwanza lilikuwa San Juan de Lurigancho, kwenye milima ya vumbi. Chini nyumba ni za matofali, ukipanda unakuta za mbao na mabati. Mototaxi, yaani bajaji, inakuacha inapoishia nguvu, kisha ni ngazi za saruji mpaka magoti yaombe msamaha. Huko juu bomba halifiki. Maji yanaletwa na lori, kila mlango una mapipa yake, na lori lisipopita watu wanabana matumizi. Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, foleni ya maji naijua. Kwa hiyo mtu wa huko juu alipotukaribisha akasuuza glasi kwa yale maji yake, akatujazia chicha morada (ni kinywaji cha mahindi ya zambarau, hakina kilevi), nilijua nimepewa nini. Wenzangu wa Kimarekani niliwaambia mapema kabisa: tukipewa hapa, tunakunywa yote, na hatuondoki haraka.

Chakula cha mchana tulipikiwa na mama mmoja wa kata (yaani ushirika wetu wa kanisa), wenyewe wanamwita pensionista, tukimlipa kila mwezi. Jumatatu dengu bila kukosa, maana Waperu wengi huamini dengu za Jumatatu zinaleta pesa wiki nzima. Siku nyingine wali na kuku, au viazi vya huancaína, yaani vya mchuzi wa jibini na pilipili. Niliposhikwa na tumbo vibaya alikuja mpaka chumbani kwetu na supu ya kuku wa kienyeji, akasimama mlangoni mpaka nimalize. Mama huyo ndiye alinitunza Peru. Wazazi, nawaambia kwa moyo wote: mtoto wenu atakuwa na mama wa namna hiyo. Nimeuliza wengi waliohudumu, na kila mmoja ana wake.

Dada_Rongai

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi ni Mkenya wa Texas, nilihudumu Hispania miezi 18 ya akina dada. Kwetu hakukuwa na milima wala foleni ya maji. Kulikuwa na vitufe vya kengele. Jengo la ghorofa saba, unabonyeza kitufe kimoja kimoja, unajitambulisha kwenye kipaza sauti, na unasikia "no, gracias" kabla hujafika jina la pili. Asubuhi nzima hivyo. Saa nane mchana mji unaingia kula, na mtu ukimgongea mlango wakati huo umemkosea. Agosti wenyeji wako pwani, ngazi ni tupu.

Kilichonishangaza ni kanisani. Nilidhani nitakuta Wahispania, nikakuta Waperu, Waekwado, Wabolivia, akina mama wanaotunza wazee wa watu siku sita na Jumapili wanakuja wamevaa vizuri kabisa. Na darasa letu la bure la Kiingereza lilijaa watu ambao hawakutaka kusikia dini hata kidogo. Nililipenda lile darasa. Kuna mjane alikuja kila juma hadi nilipohamishwa, hakuwahi kuuliza habari za Kanisa, na sihesabu hata saa moja niliyokaa naye kuwa imepotea.

Ila wazazi mnachotakiwa kujua zaidi ni hili la mwenza. Huchagui. Mnapangiwa, na kuanzia hapo mnaonana asubuhi, mchana na usiku. Ni chooni tu ndiko unakokwenda peke yako. Niliwahi kupangwa na dada aliyekula kimya, akatembea kimya, akasali kwa sauti ndogo nisisikie. Kuna kikao cha wiki cha wenza, mnapopanga kazi na mwishoni mnaambiana kinachowakera. Wengi wanakipitisha juujuu. Sisi kilituokoa. Siku alipofungua mdomo nikajua kaka yake yuko hospitalini kwao na yeye anaona kumfikiria ni kumnyima Mungu saa zake. Tulikaa sakafuni tukamlilia yule kaka pamoja. Mfundisheni mtoto kusema "nimechoka" na "nimeumia" kabla hajapanda ndege. Kupiga pasi atajifunza huko huko.

Mzee wa Guagua

Jamhuri ya Dominika hapa. Visa ilichelewa, nikaanzia Texas kwa miezi kadhaa nikifundisha kwa Kihispania, ndipo nikavuka. Kwa anayeogopa lugha: irabu zetu tano ni zilezile zao. Mswahili anasoma Kihispania kwa sauti siku ya kwanza na wanamwelewa, wakati mwenza wangu wa Idaho alihangaika na matamshi muda mrefu. Ukiwa na Kifaransa cha shule ya Kongo, umeshafika nusu.

Siku zetu: joto, umeme kukatika, wali na maharage na kuku mchana, mangú ya ndizi asubuhi kwa waliotualika. Usafiri ni guagua, mnabanana kama daladala za Mbagala. Pikipiki za motoconcho haturuhusiwi hata kama unachelewa na jua linakuchoma.

Nataka nizungumzie rangi, kwa sababu vijana wetu weusi watakutana nayo na hakuna atakayewaandaa. Kwa macho ya wengi pale mimi nilikuwa Mhaiti. Mara nyingi hilo lilinifungulia milango, watu walinikaribisha kama wa nyumbani. Lakini siku moja kwenye guagua wakaingia wakaguzi wa hati, wakapita safu nzima, wakaninyooshea kidole mimi peke yangu. Mwenza wangu mweupe hawakumwuliza lolote. Akasimama, akashuka nami bila kuambiwa, akatoa pasipoti yake akaiweka juu ya yangu. Tuliachiwa. Wahaiti walioshushwa pale hawakuachiwa, na sura zao ninazo mpaka leo. Tembea na hati zako kila dakika, mdogo wangu.

Swali jingine utakaloulizwa: "Kanisa lenu si lilikataa weusi?" Usikimbie. Kweli ilikuwa hivyo. Tangu miaka ya 1850 mwanamume wa asili ya Kiafrika hakupewa ukuhani mpaka Juni 1978, Rais wa Kanisa Spencer W. Kimball alipotangaza kwamba kila mwanamume anayestahili apewe. Kazi ya misheni Jamhuri ya Dominika ilianza mwaka huohuo. Mwaka 2013 Kanisa likaandika wazi kwamba linakana zile hoja za zamani kuwa weusi ni laana. Mimi niliwaambia watu yote hayo, na kwamba yananiuma, na kwamba niliyesimama mbele yao ninao ukuhani. Wapo waliofunga mlango. Wapo waliovuta kiti. Wote niliwaelewa.

Mama Neema

Wanangu nawasoma na machozi. Wangu wa pili ameitwa Paraguay. Sikuwa najua hata iko upande gani. Naomba aliyefika huko aniambie joto likoje, na chakula, maana huyu mtoto akikosa kitu kizito tumboni halali. Na viatu je?

Bwami

Shikamoo mama. Paraguay ndiko nilikokuwa, na nina habari njema kwako: muhogo! Wanauita mandioca na unakaa mezani kila mlo kama ugali wetu, wa kuchemsha, mweupe, laini. Kuna chipa pia, mkate wa unga wa muhogo na jibini, unauzwa barabarani kwenye vikapu. Na wakimwambia "sopa paraguaya" asisubiri kijiko, ni kama keki ya mahindi na jibini. Hatalala njaa.

Joto, mama, sikudanganyi, Desemba na Januari linapita 38. Baada ya chakula cha mchana mtaa mzima unalala, hata mbwa. Watu wanakaa chini ya mwembe na tereré, yaani yerba mate (majani ya kunywa kama chai) ya maji baridi, chombo kimoja kinazunguka wote. Kuhusu kuinywa, afuate atakavyoelekezwa na rais wa misheni yake, yaani kiongozi wao huko, maana kila misheni ina utaratibu wake. Ila hata kama hanywi, akae kwenye duara. Mazungumzo yote ya maana yalitokea pale, na nusu yake ni kwa Kiguarani. Kihispania watakachomfundisha kituo cha mafunzo kitamtosha mjini. Kijijini bibi anaanza kwa Kihispania na akifika kwenye jambo la moyoni anahamia Kiguarani. Niliandika maneno mapya kila siku kwenye kidaftari cha mfukoni, na bibi zangu walinisahihisha kwa furaha kubwa.

Viatu: jozi mbili, soli ngumu ya kushonwa, azibadilishe siku hadi siku zipate kukauka. Udongo wao ni mwekundu kama wa kwetu, shati jeupe halitarudi jeupe. Usinunue ya bei kubwa.

Xela2020

Fupi tu. Guatemala. Kufua kwa mkono kwenye pila (sinki la saruji) uani, tortilla za moto, matetemeko madogo ya usiku ambayo mwenye nyumba hata hageuki kitandani. Machi 2020 mipaka ikafungwa, wamisionari wa kigeni tukarudishwa. Kuna familia tuliyokuwa tunaifundisha Alhamisi, na Alhamisi hiyo sikufika, wala sikuaga. Nilimalizia Marekani. Bado tunaandikiana, mtoto wao mkubwa sasa yuko misheni.

Mama Neema

Asanteni mno. Na akiugua kweli, siyo tumbo la siku moja? Na nitamsikia lini?

MwanaKivu

Mama, kila misheni ina mtu wa afya, mara nyingi mke wa rais wa misheni au muuguzi. Ampigie mapema, asisubiri homa ipande; vijana wanaficha wakidhani ni imani ndogo. Mwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba kusema anaumwa si aibu.

Kumsikia: zamani zetu ilikuwa barua pepe kila wiki, na simu Krismasi na Siku ya Mama tu. Tangu Februari 2019 wanaruhusiwa kupiga simu au video kila wiki, siku ya maandalizi. Kwa hiyo Jumatatu yako iache wazi. Paraguay iko mbele ya Utah kwa saa tatu au nne, akipiga baada ya kufua na sokoni kwako bado ni asubuhi. Chaji simu Jumapili usiku, na wadogo zake wawe karibu, maana wengi wetu tulitaka kwanza kusikia kelele za nyumbani.