Kasugua sarafu ya dhahabu kwa DAWA YA MENO halafu anajiita mtaalamu!!!

Mleta mada:
Wakuu, nina hasira mpaka vidole vinatetemeka kwenye kibodi. Yule "mtaalamu" wetu, simtaji, mnamjua, yule ambaye uzi wa sarafu haujafikisha dakika mbili keshaingia na "nitumie picha nikwambie", leo kaletewa sovereni, ile sarafu ya dhahabu ya Uingereza, ya 1912, aseme ni ya daraja gani (imehifadhika kiasi gani) na kama ni halisi. Unajua alichofanya? KAISUGUA KWA DAWA YA MENO. Kwa kitambaa, kwa kuzungusha, mpaka povu! Halafu akaiinua, dole gumba limetua kwenye shavu la mfalme, akatangaza: "Oneni, sasa ni mpya, haijatumika."

Haijatumika! Povu bado linachuruzika!

Dawa ya meno ina chembe za kusagia. Mng'ao wa sarafu mpya haukupakwa juu. Ni vifereji vidogo mno vilivyobaki pale dhahabu ilipotambaa chini ya muhuri wa kugongea. Iweke chini ya taa moja, izungushe polepole, utaona mwanga unazunguka kama mapanga ya feni. Ukishavisaga hivyo vifereji, hakuna fundi wa kuvirudisha. Sarafu inang'aa kote sawasawa, mng'ao mfu, na ukiinamisha kidogo unaona michirizi ya kitambaa imeenda upande mmoja. Ilikuwa 62 au 63 kwenye ngazi ya madaraja ya sarafu, 1 hadi 70. Sasa haina namba, itaandikiwa "imesafishwa" basi. Na uhalisi wenyewe hakuugusa! Mizani hana, lenzi hana. Dawa ya meno anayo!

Kalipa:
Punguza povu mkuu, lile la dawa ya meno linatosha.

KaratiIshiriniNaMbili:
Mleta mada unalia kama kafa mtu. Sovereni za 1912 ziko tele, hata ikiwa 63 bei yake haiachani sana na bei ya dhahabu iliyomo. Angesugua ya mwaka adimu ningekuja msibani na turubai.

Mleta mada:
Kwa hiyo kwa kuwa ni nyingi ndiyo zisuguliwe?? Kwa DAWA YA MENO??

Ukingo:
Kusugua ni ujinga, ila hata asingesugua asingejua kitu. Ilibidi aanze na mizani inayosoma 0.01 ya gramu. Sovereni ni gramu 7.98, kipenyo milimita 22.05, unene kama 1.52. Sheria ya Uingereza ya 1870 iliikubali kwenye mzunguko mpaka ishuke gramu 7.937, chini ya hapo ama imelika sana, ama imekwanguliwa, ama si yenyewe. Baada ya hapo weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, shusha sarafu kwa uzi mwembamba izame yote bila kugusa chini wala ukuta. Mizani sasa inasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Ikisoma 0.45 au 0.46, gawa: 7.98 kwa 0.456 ni 17.5, yaani nzito mara 17.5 kuliko maji, ndiyo karati 22 hiyo. Ya risasi yenye uzito uleule itasoma kama 0.70. Tone la sabuni kwenye maji liwepo, kwa sababu viputo vya hewa vikiganda kwenye nywele za mfalme utaihukumu dhahabu kuwa shaba. Na usidai usahihi ambao mizani haina: kosa la 0.01 tu hapo linahamisha jibu kwa karibu 0.4.

MezaYaSonara:
Afadhali dawa ya meno. Mimi wanaonitoa roho ni wanaoNG'ATA. Risasi ni laini kuliko dhahabu ya karati 22! Alama ya jino ikitokea umejithibitishia kwamba umeng'ata risasi, hongera.

Kalipa:
Na wale wa sumaku umewasahau? "Haijavutwa, ni dhahabu." Shaba haivutwi. Fedha haivutwi. Risasi haivutwi. Sumaku inakamata chuma na nikeli, mengine mengi yanapita yanapunga mkono.

Lenzi10:
Ukingo, maelezo yako ya maji ni mazuri ila yanamwacha mtu akijidanganya. Sovereni bandia zilizotengenezwa Beirut miaka ya 1950 na kuendelea, nyingi zina dhahabu ya kutosha kabisa. Maji hayatakusaidia hapo, jicho ndilo litakusaidia. Chukua lenzi ya mara kumi, anza na herufi. Za kweli kingo zake zinasimama wima kutoka uwanjani, yaani ile sehemu bapa isiyo na mchoro. Za bandia nyingi zimevimba na kulainika kwenye pembe. Tafuta herufi za wachongaji: B.P. ya Pistrucci chini kulia upande wa Mtakatifu George na farasi wake, na B.M. ya Mackennal kwenye mkato wa shingo ya mfalme. Vichunusi vya dhahabu vilivyojitokeza uwanjani, au kijishimo kilekile, mahali palepale, kwenye sarafu mbili za miaka tofauti, hiyo ni familia ya muhuri mmoja wa wizi. Geuza ukingo: vijino visivyolingana, au mshono wa kalibu, imesubiwa. Sehemu moja imepigwa tupa, ilikuwa kidani, mtu kaondoa lehemu.

KaratiIshiriniNaMbili:
Lenzi10 umesahau wale wanaoona kofia ya Mtakatifu George imefifia wanaandika "imechakaa". Kama mng'ao umepita juu ya ile kofia bila kukatika, muhuri haukushuka vizuri, sarafu haina kosa. Kuchakaa kunaanza na rangi: sehemu iliyoinuka inapoteza mng'ao na kuwa butu kabla hata mchoro haujapungua.

Mleta mada:
Jamani, turudi kwenye dawa ya meno kwanza.

MezaYaSonara:
Dawa ya meno imeshakauka mkuu. Wa picha je? Giza, ukungu, sarafu iko ndani ya plastiki, kiganja kizima ndani ya picha, "hii daraja gani?" Daraja la vidole!

Ukingo:
Au ile sarafu ya dhahabu ya Austria ya dukati nne, ya 1915. Kila siku mtu anakuja na yake, "ya vita kuu, haina mkwaruzo hata mmoja". Kiwanda cha Vienna kinaendelea kuzigonga hadi leo kwa tarehe ileile ya 1915! Gramu 13.96, dhahabu 986 kwa 1000, kukosa mkwaruzo kutashangaza vipi?

Lenzi10:
Ila si bandia hiyo. Kiwanda ni kilekile cha serikali, dhahabu ni ileile.

Ukingo:
Sijasema bandia, nimesema si ya 1915.

Lenzi10:
Imeandikwa 1915.

Kalipa:
Kwa hesabu hiyo hata ile ya dawa ya meno ni mpya.

Lenzi10:
Wewe kaa pembeni. Ukingo, nijibu: gramu sawa, usafi sawa, kiwanda kilekile. Tofauti utaionyesha wapi?

Ukingo:
Ngoja nipate picha zenye mwanga, naanza na uwanja.